Zeze la Buberwa

Bukoba, 4 Februari 2024

Tata,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda: mimi napiga kelele hadi wateja wananishangaa, wewe unanijibu habari za kahawa.

Mzee Buberwa wa Kagoma amenifuata hapa karakana. Zeze lake limepasuka, binti yake anaolewa baada ya Pasaka, na wewe umemwambia hutengenezi tena. Alikuwa karibu kulia. Tata, kutoka Izigo mpaka Muleba hakuna fundi mwingine. Ukiacha wewe, basi, yameisha. Nifundishe mimi. Vitanda na makabati nimevichoka.

Mwanao,
Kemilembe

Izigo, 11 Februari 2024

Mwanangu Kemilembe,

Marahaba. Sisi hatujambo, mvua inatosha na migomba imejaa.

Buberwa ana mdomo. Nimeacha kwa sababu masikio yangu yamekufa. Fundi asiyesikia atajuaje kama zeze linaimba au linakohoa? Jambo hili nimelificha hata kwa padri. Sasa unajua, na linaniuma sana.

Unataka kujifunza kwa barua, kama mapishi! Haya. Chukua gogo la mti wa mhumula lililokaukia kivulini, ulitoboe kama mzinga. Ngozi ya kenge uivute ikiwa mbichi, uikaze kwa vijiti, si misumari. Uzi ni wa katani. Na desturi yetu uijue: zeze la kwanza la mwanafunzi halimfikii mpigaji mpaka mwalimu wake alipige na kutoa neno. Babu yako alinirudishia langu bila kusema kitu. Nikaanza upya.

Tata yako

Bukoba, 10 Machi 2024

Tata,

Shikamoo. Poleni na kazi za shamba. Mama umwambie dagaa wake nimewapata.

Zeze nimelimaliza, lakini naona aibu kulileta. Sauti imeziba, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ngozi imekaza, mti ni uleule uliosema. Ndani nilipiga msasa mpaka pakawa laini, nikapaka vanishi kote. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Kemilembe

Izigo, 14 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo, nimecheka mpaka mama yako akaja kuona kuna nini. Vanishi! Umemtengenezea Buberwa kabati. Ndani ya zeze acha makovu ya patasi, mti ubaki mtupu. Hilo liweke pembeni, anza jingine. Usikate tamaa, mama.

Tata yako

Bukoba, 6 Aprili 2024

Tata,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mama. Evelyne jirani yangu anakuja huko, nimempa zeze jipya akuletee. Mimi siji, naogopa kuuona uso wako. Najua husikii, lakini desturi ni desturi. Ukilirudisha kimya, nitaelewa.

Mwanao,
Kemilembe

Izigo, 9 Aprili 2024

Mwanangu Kemilembe,

Tumeamka salama, na furaha ipo nyumbani.

Zeze lilifika. Nililiegemeza kifuani nikavuta upinde. Sikusikia kitu, mwanangu. Nikavuta tena, machozi yananitoka, kwa sababu ni zeze lako la kwanza kunifikia na mimi nimekaa nalo kama gogo. Nikawaza nilirudishe tu, nisije nikakudanganya.

Kisha nikainua macho. Mama yako alikuwa mlangoni na ndizi zake za kumenya. Kisu alikuwa amekiweka chini, na mabega yake yanacheza. Mwenyewe hana habari kama namtazama. Tangu tumzike kaka yako Damian, sijawahi kumwona akicheza ndani ya nyumba hii. Nikaendelea kuvuta huku nikimwangalia yeye, mpaka mkono ukachoka.

Neno langu ni hili: zeze linaimba. Buberwa amekuja leo asubuhi kulichukua, nimemwambia fundi ni wewe. Linalofuata usiniletee, lipime mwenyewe. Wakola, asante sana, mwanangu. Wakija watu kuulizia zeze, nitawaelekeza Bukoba.

Tata yako