Kithaka na Waya ya Simu ya Kibugu

Mwaka umezunguka, Kithaka, tangu alasiri ile ya Aprili 1997 radi ilipopita kwenye waya ya simu ikakukuta umeishika. Na msimu huu, jamani, mvua haijui kupumzika. Kila mara mlima ukijifunika mawingu, mama Wambura anasimama mlangoni akitazama nguzo za simu zinavyoshuka katikati ya mashamba ya chai mpaka kwetu.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu Meru mjini, lakini likizo zote ulikuwa hapa nyumbani Kibugu na kompyuta yako, uliyoiunganisha na waya ya simu ili itume na kupokea barua. Ulitueleza mara nyingi: kuna mfumo wa kompyuta unaoandikwa na watu wa nchi nyingi, wengine hawajawahi kuonana, nao wanaugawa bure. Wewe ulitunza kipande kimoja, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi ya mtandao. Ikikwama huko Ulaya, wanakuandikia wewe. Shangazi Regina alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mzungu amekwama, anamngoja mtoto wa Wambura?" Ukacheka naye, kisha ukarudi kazini.

Maelezo ya programu hiyo pia uliyaandika wewe, kwa upole wako ule ule. Ulimsomea dada yako Tabby, na asipoelewa ulifuta ukaanza upya. Hukuchoka naye, na Tabby anachosha! Mwanzoni kabisa uliweka onyo: ukisikia radi, chomoa waya ya simu kabla ya kitu kingine chochote. Hilo ulilitoa kwa mama, ambaye radi ikilia hufunika kioo kwa leso na kutuketisha sote mbali na chuma.

Siku ile mama alikuita kutoka jikoni. "Kithaka, hiyo waya!"

"Namalizia tu, mama."

Kulikuwa na hospitali ya mbali, kompyuta zake zilikuwa zimeacha kuongea, na wewe ulikuwa unawatumia marekebisho. Wewe mwenyewe uliyeandika lile onyo! Bado tunakukasirikia, mpendwa wetu, na bado tunalia.

Laini ya simu iliporudishwa, naye mdogo wako Mwenda alipopata kompyuta nyingine, barua pepe zako zilizokuwa zikikungoja kwenye kompyuta ya mtandao huko Nairobi ziliingia kwa mpigo. Hospitali ilikuwa imeandika asante, marekebisho yalifika. Wengine waliuliza: Kithaka yuko wapi? Nani atatunza sehemu yake? Mwenda akawajibu bila kutuuliza: mimi.

Sasa anakaa kwenye kiti chako. Anayafuata maelezo yako mstari kwa mstari, isipokuwa ule wa kwanza. Jumapili iliyopita tulikuwa kaburini kwako tukiomba, mlima ukanguruma. Kugeuka, Mwenda hayupo. Mama alikimbia hadi nyumbani kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akamkuta ameinama pale pale ulipokuwa umeinama.

"Mwenda, toa hiyo waya!"

Naye hata hakugeuka. "Namalizia tu, mama."

Maneno hayo hakuwahi kuyasikia kwako, maana siku ile hakuwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Mama aliichomoa waya kwa mikono yake, akaikunja, na tangu hapo hulala nayo chini ya mto. Tulidhani yameisha. Leo asubuhi Tabby akifagia amekuta waya nyingine, mpya, imefichwa nyuma ya kompyuta. Tumemuuliza Mwenda, anasema watu wanamngoja. Na mlima umeshajifunika.

Tunaokukumbuka ni mama yako Wambura, dada yako Tabby, shangazi yako Regina, na Mwenda, ambaye siku hizi hamsikii mtu isipokuwa wewe.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Kithaka. Mwambie aiache hiyo waya.