Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Sura Mbili Zilizobadilishana Vibali

CHAMA CHA WANAFUNZI WAGENI, BWENI LA NYUMA
Kikao cha saba cha kamati, kilichofanyika Jumamosi jioni katika chumba cha kufulia, ghorofa ya chini.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (mwanafunzi wa sheria)
Mhazini, ajulikanaye kama Kinyozi
Mjumbe, Dada Mrefu (mwanafunzi wa usanifu majengo)
Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti, kwa udhuru wa usingizi. Aligongewa mlango, akaitika, hakutokea.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao baada ya mashine ya pili kumaliza kukamua nguo, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyesikika. Alieleza kwamba chumba cha kufulia kilichaguliwa kwa sababu kina joto na hakihitaji barua ya kuomba ukumbi. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke, na taa za barabarani zilionekana kama zimetumbukizwa ndani ya maziwa. Mwenyekiti aliagiza sentensi hiyo iondolewe. Itaondolewa kikao kijacho, kamati itakapozipitia kumbukumbu hizi.

KUMB. NA. 2/7: MAKOSA KWENYE VIBALI VYA MASOMO
Mwenyekiti alieleza kwamba ofisi ya uhamiaji imetoa vibali viwili vyenye picha zilizobadilishana. Kibali chenye jina la Katibu, tarehe yake ya kuzaliwa na kitivo chake kina picha ya Dada Mrefu. Cha Dada Mrefu kina picha ya Katibu. Mengine yote ni sahihi.

Kinyozi aliombwa aeleze imekuwaje. Alikumbusha kwamba kwa desturi ya chama yeye ndiye huwapiga picha wanachama wote, mbele ya ukuta mweupe wa ghorofa ya pili, kila mmoja akivaa koti jeusi la chama na kubana nywele nyuma ili masikio yaonekane. Kisha maombi yote hupelekwa katika bahasha moja, ili mtu mmoja tu akose vipindi.

Dada Mrefu aliuliza kama kweli hakuna aliyeona kwamba wote wanatoka kama watoto wa tumbo moja. Kinyozi alijibu, "Dada, picha inaishia mabegani. Urefu wako ningeuweka wapi?"

Mwenyekiti alisisitiza kwamba kosa ni la ofisi na si la chama. Kinyozi alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaelekeza kidole kwenye mashine ya kwanza, ambamo koti lenyewe lilikuwa likizunguka. Wajumbe walilitazama kwa muda. Mkono mmoja wa koti ulipita kwenye kioo ukiwapungia, ukazama, ukarudi tena.

KUMB. NA. 3/7: SABABU YA UDHARURA
Katibu alieleza kwamba mama yake mzazi atafanyiwa upasuaji wa macho wiki ijayo, na kwamba daktari hakuahidi kitu. Kwa maelezo ya kaka mkubwa wa Katibu, mama bado anaona, lakini kama mtu aliye nyuma ya pazia. Amesema hataki kuingia chumba cha upasuaji kabla hajamwona Katibu. Watoto wake wengine, alisema, amekwisha kuwaona vya kutosha.

Katibu aliongeza kwamba akisafiri na kibali chenye uso usio wake, hataruhusiwa kurudi kumalizia masomo. Asiposafiri, mama anaweza kubaki na uso wa miaka miwili iliyopita, na huo ndio utakaokuwa wa mwisho.

Katibu aliomba pia iandikwe kwamba tangu kibali kitoke huota ndoto moja. Anafika nyumbani, mama anafungua mlango, anamtazama kwa upole na kusema, "Karibu mgeni. Unamtafuta nani?" Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba ndoto si ushahidi.

Hapo Dada Mrefu, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema yeye naye huota. Yuko katika jiko asilolijua, anamenya vitunguu, na mama mmoja aliyempa mgongo anamwita kwa jina la Katibu. "Kinachonikera," alisema, "ni kwamba naitika."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe mwingine mwenye ndoto, ili zote zijadiliwe kwa pamoja. Kinyozi alisema yeye hulala tu.

KUMB. NA. 4/7: MASHARTI YA OFISI
Mwenyekiti alitoa taarifa ya safari yake ya uhamiaji. Kwa mwenye barua ya hospitali, ofisi inaweza kurekebisha kibali siku hiyo hiyo. Barua ya Katibu ipo. Tatizo ni kwamba wenye sura zote mbili lazima wafike dirishani pamoja Jumatatu, na kibali cha yule asiye na dharura kitafutwa papo hapo. Kipya atakingoja kwa wiki kadhaa, na wakati huo hataruhusiwa kufanya kazi popote.

Dada Mrefu alieleza kwamba Jumatatu hiyo hiyo anaanza mafunzo ya kazi katika ofisi ya wasanifu, nafasi aliyoiomba mara tatu, na kwamba mlangoni pale hukaguliwa kibali. Alikwisha kukionyesha siku ya usaili. Mlinzi alitazama picha ya Katibu, akamtazama yeye, akasema, "Umenenepa kidogo," akampisha.

Mwenyekiti alishauri Katibu angoje, kwa kuwa haraka haraka haina baraka. Katibu alijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenyekiti alitaka lugha ya staha. Katibu alisema hiyo ni methali. Mwenyekiti alisema anajua ni methali.

KUMB. NA. 5/7: DIRISHA
Kinyozi aliomba kamati iache kuzunguka mbuyu. Alisema kila mtu bwenini anajua kwamba hao wawili walikuwa wakilala chumba kimoja na kwamba tangu Katibu ahame hawasalimiani. "Mnapishana kwenye ngazi kama watu wanaodaiana damu," alisema. "Na chanzo ni dirisha!"

Dada Mrefu alieleza kwamba yeye hawezi kulala bila hewa, na kwamba kila alipofungua dirisha Katibu aliinuka akalifunga. Katibu alieleza kwamba hakuwa akijua anaamka. Alikuwa akilifunga usingizini. Dada Mrefu alisema, "Hilo ndilo ulipaswa kuniambia, badala ya kubeba godoro." Katibu alisema hakuulizwa. Dada Mrefu alisema anaambiwa leo, mbele ya mashine za kufulia.

Koti lilikuwa limefika kwenye kukamuliwa, na meza ilitetemeka.

Dada Mrefu kisha aliuliza kama mama ni yule yule aliyekuwa akipiga simu jioni na, Katibu akiwa bafuni, kumwambia yeye, "Haya, mwanangu wa pili, umekula?" Katibu alithibitisha. Dada Mrefu alitoa kibali chake mfukoni, akakiweka juu ya kifuniko cha mashine, picha ya Katibu ikitazama dari. Alisema, "Wasanifu watangoja au hawatangoja. Macho ya mama hayangoji."

Mwenyekiti alimtaka afikirie kwanza. Alijibu kwamba ameshafikiria, tena kwa kirefu. Kinyozi peke yake alicheka.

KUMB. NA. 6/7: KUAHIRISHWA NA KUENDELEA
Katiba ya chama inaruhusu kikao kuahirishwa lakini haisemi kiendelee wapi. Kiliendelea Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa kusubiri wa ofisi ya uhamiaji, wajumbe wote wanne wakiwapo.

Karani alivipanga vibali viwili mbele yake na kuuliza, "Huyu ni nani?" Wote wawili walijibu, "Mimi." Karani alisema waanze upya. Aliwapiga picha nyingine kwa kamera ya ofisi, bila koti. Kibali cha Dada Mrefu kilitobolewa tundu, na tundu hilo lilipita kwenye shavu la Katibu. Katibu alijigusa shavu.

Kibali kipya cha Katibu kilitoka kikiwa bado na joto, kama nguo za Jumamosi. Dada Mrefu alikishika kwanza, akakisoma chote, akamkabidhi na kusema, "Sasa ni wewe. Nenda."

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO
Dada Mrefu alipendekeza kwamba Katibu atakaporudi arudishe godoro, na dirisha liachwe wazi nusu. Jibu la Katibu halikuandikwa kwa kuwa hakulitoa kwa maneno.

KUMB. NA. 8/7: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao ukumbini pale, kabla ya saa sita mchana, baada ya mlinzi wa uhamiaji kuuliza mara ya pili kama tuna shida nyingine.

Mwenyekiti: (saini)

Katibu: amesafiri. Kwa niaba yake: Dada Mrefu (saini)

Maelezo ya mtia saini: Nimepigiwa simu na kaka yake. Katibu alifika jioni, mama akiwa amelala na taa imezimwa. Kabla ya kusema lolote alikwenda akafunga dirisha. Mama hakufumbua macho. Alisema, "Amefika."