Ngozi ya Mkono wa Mama

Jumapili, 2 Machi 2025

Waceke amekuja kutoka Ruiru na mapapai mawili na ombi. Nilijua kuna ombi alipoanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Binti huyu hutafiti seli za ubongo unaozeeka, na tangu awe na shahada ya pili sufuria zangu amezisahau.

Anataka ngozi ya Mama. Kipande kidogo cha ndani ya mkono, ukubwa wa punje ya dengu. Wanakilisha maabarani, seli zinaongezeka, halafu wanazigeuza ziwe seli za neva. Nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Nimesoma mengi maishani na nimebishana na mengi zaidi, lakini hapo niliketi.

Sababu ni kwamba ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi. Neva za kwenye kisahani cha maabara zitakuwa na urithi ule ule wa Mama. Na seli za ngozi hawazirudishi utotoni kwanza, wanazigeuza moja kwa moja, ili uzee wake usifutike. Hilo nililipenda. Uzee wa Mama ameufanyia kazi, usifutwe na mtu.

Ngozi hujibadilisha, kasema Waceke. Neva karibu zote ulizo nazo ukiwa kijana ndizo utakazozeeka nazo. Kila siku seli inatengeneza protini, nyingine zinakunjika vibaya, inabidi izivunje na kuzitoa. Inapozeeka, kazi hiyo inazorota. Lakini je, protini zinarundikana kwanza ndipo seli inachoka, au seli inachoka ndipo zinarundikana? Nikamwuliza. Kasema hapo ndipo wanapogombana. Safi! Sayansi isiyogombana siiamini.

Kisha nikauliza swali langu: seli zitakaa wapi? Maana niliwahi kuandika gazetini juu ya wanaokuja kutoa damu yetu na kuipandisha ndege, na sijafuta hata nukta.

"Ruiru, Mum. Friza iko Ruiru na ufunguo uko Ruiru. Nimesoma kolamu yako tena kabla ya kuja, kama mtu anayekwenda kortini."

Mama alikuwa akimenya njegere, tukidhani hatusikii. Akasema tuchukue, ngozi ni yake, na kama ina jambo la kusema iseme.

Jumatatu, 3 Machi

Sheria yao: Waceke haruhusiwi kumwomba nyanya yake mwenyewe. Atakuja daktari asiye wa familia, amwulize Mama maswali, ajue kama anaelewa anachokubali. Sheria nzuri. Ningeiandika mimi ingekuwa kali zaidi.

Zubeida wa mlango wa pili, muuza leso, ndiye hukaa na Mama nikiwa na shughuli mjini, tangu Mama aanze kusahau. Nilipomweleza akauliza kama mbuzi wa shambani Gatuanyaga wamekwisha hata tunaanza kuchuna mabibi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Daktari anaitwa Dalmas. Kijana mpole, viatu safi, jambo gumu hapa mtaani Landless. Mama alikuwa na siku nzuri. Alijua ni Jumatano, alijua yuko kwangu Thika wala si shambani, alijua kitakatwa nini na wapi. Kisha Dalmas akauliza ni nani anayeomba ngozi yake.

Mama akamwonyesha Waceke mlangoni. "Ni mimi ninayeomba."

Dalmas akauliza tena, taratibu. Mama akajibu vile vile, akishangaa mtu mzima hasikii. Dalmas akaandika kwamba mgonjwa hatofautishi kati yake na mtafiti. Akamshukuru, akanywa chai, akaenda.

Waceke akalia jikoni. Mimi sikulia. Nilikuwa natafuta namba ya simu ya Dalmas.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda Ruiru mwenyewe. Mlinzi aliuliza nina miadi na nani. Nikasema na ujinga.

Dalmas akanipa kiti. Nikamfundisha. Kwetu binti wa pili huchukua jina la mama mzaa mama, na hachukui jina tu, anamchukua mtu. Waceke ni binti yangu wa pili, ndiye Mama. Marehemu baba alikuwa akimwita Waceke mke wangu, akimlaumu kwa chai baridi wakati mtoto bado ananyonya. Mimi nami ni wa pili kwa Mama, nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nipate masikio Mama huniita Maitu, mama yangu. Alinichapa akiniita mama yangu! Mtu huyo akisema Waceke ni yeye, hajapotea. Wewe ndiye umepotea, daktari, na umepotea kwa maandishi.

Alisikiliza kweli, hilo nitampa. Akasema kwao mtoto hupewa jina la aliyekwisha kufa, hakujua mtu anaweza kuwa hai mahali pawili. Ataomba aruhusiwe kumwuliza upya. Na akishindwa tena? Basi ndugu wa karibu anaweza kumwekea sahihi. Yaani mimi.

Nikamwambia siweki. Mwaka mzima nimepigana na kila mtu anayeniuliza mimi mbele ya Mama kama Mama anataka sukari. Nesi, fundi viatu, hata kasisi. Mwulizeni mwenyewe! Sasa nimtolee ngozi kwa kalamu yangu? Akisema ndiyo, ni ndiyo yake. Asiposema, basi haitoki.

Nilikuwa nimesimama kuondoka, nimeshinda, aliponiuliza, "Lakini jana, madam, alimaanisha hilo la jina? Au alichanganyikiwa? Wewe ulijua?"

Nikasema bila shaka nilijua.

Hapa sina wa kumdanganya. Sikujua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumempeleka Mama Gatuanyaga aone shamba. Vumbi tupu, mvua bado. Mbuzi walimjua kabla hatujafungua lango, na yeye aliwajua, mmoja mmoja, na mama zao.

Waceke akamfunga kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Walikaa kwenye ngazi ya ghala, magoti yanafanana, wakimenya miwa na kumsengenya mtu. Nadhani ni mimi. Nilisikia "anapiga kelele" na kicheko.

Baadaye nilimwuliza Mama kwa nini anaitaka sana hii kazi ya ngozi. Akamenya muwa wote hata nikadhani amepoteza swali. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mama yake naye alisahau. Alianza kwa majina, akaishia kwa kijiko. Watu wakasema amerogwa, wakamtaja jirani aliyekuwa rafiki yake wa kuchuma kahawa. Jirani akahama kwa aibu. Nyanya akawekwa chumba cha nyuma, wageni wakaambiwa amesafiri. Mama ndiye alikuwa akimpelekea uji.

"Hakusafiri popote," kasema. "Kuna kitu kilimla ndani. Nataka kionekane, hata kama mimi sitakiona."

Nilimpangusa vumbi la viatu, kimoja kisha kingine.

Jumatatu, 10 Machi

Dalmas atakuja Ijumaa. Ameruhusiwa mara moja tu, na nafasi ya Mama kwenye utafiti haitashikiliwa zaidi ya hapo.

Leo nimefanya kitu cha ajabu. Nimejaribu kumfundisha Mama majibu. Mimi, ninayewachambua gazetini wezi wa mitihani kila Novemba! Nikasema: Mama, akikuuliza nani anaomba, sema ni mjukuu wako. Akasema lakini ni mimi. Nikasema ndiyo, lakini mbele ya daktari sema mjukuu.

"Kwa nini? Amekatazwa kujua?"

Nikaeleza. Akaniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nikirudi shule na sketi iliyochanika. Akasema kama mganga mwenyewe haelewi watu, apewe muda, watu huelewa polepole. Zubeida alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema hatimaye amepatikana wa kunifunga mdomo, na hana hata meno ya mbele.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Mama alishinda ameshika mkoba, akisubiri lori la wachuma kahawa. Hakula. Alimwita Zubeida kwa jina nisilolijua na kumwomba msamaha. Zubeida, Mungu ambariki, alikubali msamaha ule wote, akamshika mkono mpaka akalala.

Waceke alipiga simu. Nikamwambia ni siku ya kawaida tu. Akasema, "Mum, najua sauti yako ya uongo, ndiyo hiyo ya upole."

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimekaa kitandani kwa Mama, mlango nimeurudisha, nimeacha upenyo. Wao wako sebuleni. Nimeomba nipewe muda mfupi.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita zote. Mama alioga, akataka sweta ya kijani, akasema tena kwamba ni Ijumaa kabla sijamwambia. Dalmas alikuja na mkate kama mtu mwenye adabu, na muuguzi aliyebeba vifaa kwenye kisanduku, ili Mama akikubali wasimsafirishe. Waceke alikaa jikoni, sheria ni sheria.

Dalmas akauliza watafanya nini. Mama akasema watamkata hapa, itauma kidogo, watailisha ile ngozi waone kinachowala watu ndani. Itamponya? Hapana, yeye ameshachelewa, ni ya watakaokuja. Na akikataa?

"Nikikataa utamaliza chai uende zako."

Jikoni kitu kilianguka. Waceke alikuwa akicheka. Dalmas naye alitabasamu akiandika. Kisha lile swali: nani anaomba? Mama akasema ni watu wa Ruiru, pamoja na huyo wa jikoni, ambaye ni yeye, na safari hii aandike vizuri.

Aliandika vizuri! Nilitaka kumbusu yule kijana. Muuguzi akafungua kisanduku. Mama mwenyewe akakunja mkono wa sweta mpaka begani, ikaonekana ngozi ile nyembamba ya ndani, nyeupe kidogo, ambayo jua halikuwahi kuifikia shambani. Akaunyoosha.

Halafu akasita. Akaniangalia.

"Maitu," kasema, "naweza?"

Dalmas akamwuliza huyu ni nani. Mama akajibu, ni mama yangu. Dalmas akaniinamishia kichwa kidogo, anaelewa sasa, amefundishwa na mimi mwenyewe, kwa makelele, ofisini kwake. Kalamu yake haikusita.

Lakini hakuisikia ile sauti. Mama ameniita Maitu maisha yangu yote, kwa hasira, kwa mzaha, akinituma chumvi. Naijua. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa ya msichana aliyebeba uji mlangoni mwa chumba cha nyuma. Macho yake yalikuwa yakimtazama mtu mwingine usoni pangu, na kwa furaha jinsi gani! Kama mtu aliyempata aliyesemekana amesafiri.

Nikisema nilichosikia, Dalmas ataweka kalamu chini, na atakuwa na haki. Mama atakuwa ameshindwa dakika moja baada ya kushinda. Nikinyamaza na kutikisa kichwa, basi si yeye aliyekubali, ni mimi, bila hata sahihi. Na lile alilolisema shambani, na alilolisema sasa hivi juu ya watakaokuja, lilikuwa lake lote, kila neno. Hilo nitaapa popote. Je, ndiyo ya mtu inakaa ndani yake kwa muda gani?

Hawajanywa chai. Waceke ametoka jikoni, nasikia hatua zake, ameuona uso wa Mama. Mama hajashusha mkono. Muuguzi amemwambia apumzike kidogo, kakataa, kasema anasubiri ruhusa.

Sasa ananiita. Sauti nyembamba, ya heshima, ambayo sijawahi kuitwa nayo.

"Maitu? Nimwambie nini mgeni?"