Simu Ndani ya Kopo la Vifungo

4 Machi

Mwanangu,

Nesi wa kliniki ya macho amesema leo kwamba nafasi yangu ya upasuaji amepewa mtu mwingine. Walinitumia ujumbe, wakapiga, kimya. Ukiacha hilo, mimi mzima. Wewe na baridi ya huko mnaelewana?

Simu naiweka kwenye kopo la vifungo. Ilikuwa inalia kutwa: mikopo, bahati nasibu, dawa ya kuotesha nywele. Nywele, mimi! Sasa uzi hauingii sindanoni, na jana nimempachikia mteja mkono wa kulia upande wa kushoto. Macho yasipotengenezwa, cherehani ndiyo basi tena.

Mama yako

10 Machi

Shikamoo mama,

Huku tunapumua. Pole sana. Kwenye dawati letu la malalamiko, hapa mamlaka ya mawasiliano, kutwa tunapokea kisa kama chako. Itoe simu koponi. Kila tangazo lijibu neno ONDOA; kanuni inawalazimisha waache.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

U mzima? Mimi nipo.

Nimewaondoa wote, mmoja mmoja, kama ninavyofumua mshono. Simu ikatulia hadi nikadhani imekufa. Kumbe na kliniki nimeifumua: ujumbe wao hutoka namba ileile ya bahati nasibu. Mhudumu wa kliniki kaniambia, "Mama, si umejiondoa mwenyewe?" Nafasi ya pili waliyonipa imepita. Aliyetunga kanuni yenu ana simu kweli?

Mama yako

20 Mei

Shikamoo mama,

Macho yanaendeleaje? Usininunie kwa ukimya wangu. Nilitaka kwanza jibu la uhakika.

Barua zako nilizisoma kwenye kikao cha mamlaka, nywele nikaziruka. Wakili wa kampuni za matangazo akasema mteja tayari ana hiari. Mwenyekiti akamuuliza, "Hiari gani? Kuzima yote au kuvumilia yote?" Imepitishwa: kuanzia 1 Julai, anayetaka kukutangazia anakuomba kwanza. Ukinyamaza, ni hapana. Taarifa za hospitali zitakuwa na namba yake peke yake. Wajanja watakuwepo, sikudanganyi. Ila kliniki wamekurudisha kwenye foleni.

Binti yako

3 Julai

Marahaba. Ujumbe huu nauandika kwa simu, usishtuke. Wengi wameniomba ruhusa; nimemkubali mmoja, muuza vitambaa. Mjanja mmoja kaingia bila hodi, nimemshtaki kwenu. Halafu ikalia tena nikiwa kwenye cherehani, nikaiacha nguo: kliniki. Uje unishike mkono, wowote ule. Jumanne, 8 Julai, saa mbili asubuhi.

Mama