Jembe la Tarehe Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Ushoroba, njia ya ndovu, umehama! Kwenye ramani ya zamani ulipita kichakani, kando ya mto. Hii mpya imeupitisha nyuma ya choo cha mama yangu kijijini! Na pale kichakani? Uwanja wa makontena, wa tajiri mmoja wa malori huko Shimanzi. Nimemuuliza Mutunga, mchoraji ramani mwenzangu. Ati wanakijiji wenyewe ndio waliosema ndovu hupita huko, fomu zipo. Hakuniangalia usoni. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 4 Novemba 2025
Nimezisoma fomu mpaka chai ikapoa. Kumi na mbili, zote za tarehe 16 Oktoba. Zote: nilikuwa nalima, nikaona ndovu wakipita. Herufi kubwa tupu, mwandiko haujulikani ni wa nani. Mutunga anapiga mluzi. Wa nini?
Bwana Kamaludin, mkubwa wetu, anataka sahihi yangu kwenye ramani mpya Alhamisi. Nikitia tu, kichaka kinazungushiwa uzio, na ndovu wote wataangukia mihogo ya mama. Na mama analala peke yake.

Jumatano, 5 Novemba 2025
Nimempigia mama. Yuko kivulini, anasuka ukili. Nikamuuliza: mvua hii yote, mbona hulimi? Kanicheka — ati mji umenila, leo si jumwa? Ndiyo! Kwetu Giriama kila siku ya nne ni jumwa, hakuna anayegusa jembe.
Nikahesabu kurudi nyuma, nne nne. Tarehe 16 Oktoba — jumwa! Na watu kumi na wawili walikuwa wanalima? Uongo mtupu!
Nikamvaa Mutunga mbele ya ofisi nzima. Mtu wa bara, jumwa ataijulia wapi! Kafungua droo, katoa bahasha iliyoleta fomu. Jina la mkusanyaji: Tsofa.
Tsofa wetu. Mtoto wa mjomba, mzaliwa wa Bondeni hapa mjini, jembe hajawahi kulishika. Kazi hii ya kukusanya fomu nilimwombea mimi. Na ile pikipiki yake mpya niliipigia vigelegele, mjinga mimi! Mungu wangu, niwe nimekosea.

Alhamisi, 6 Novemba 2025
Ramani iko mezani. Kamaludin amepita mara mbili. Mutunga hajanisalimu, na ana haki.
Nimempigia Tsofa. Jana kwa Kigiriama ilikuwa siku gani?
Akacheka. "Dada Sidi nawe! Si Jumatano?"
Ati yuko karibu, anapita kunisalimu. Pikipiki hiyo imezimwa uchochoroni. Anapanda ngazi, anapiga hodi kwa ile sauti yake tamu, Kamaludin naye anauliza kama nimeshatia sahihi, na mimi nimeshika kalamu, sijui nimwokoe nani, mama au Tsofa —