Kigari cha Nyuma ya Jiko

Baba, shikamoo. Joto la Malindi ni kali, lakini leo asubuhi sikulihisi. Nilitoka kutafuta mahamri nikakuta vigari vya zamani vya Kitaliano vimepangwa uwanjani, vidogo kama kile chetu cha nyuma ya jiko, vimesuguliwa hadi unajiona uso. Wenyewe wakitaka kujua umri wa kigari hufungua mlango, wakatazama bawaba.

Nikamwambia mzee mmoja, Fundi Athmani, kwamba chetu bawaba ziko nyuma, mlango unafunguka kinyume, na Mama kila akishuka alilazimika kushika gauni. Akaniomba nirudie. Kisha akaita, "Njooni mumsikilize binti huyu!" Wakanizunguka. Fundi akavua kofia.

"Mashallah! Hivyo ndivyo vya mwanzo kabisa. Tangu ujana natengeneza vigari hivi, na cha namna hiyo sijakigusa hata kimoja. Kiko wapi, mwanangu?"

Niliona haya kusema kuku anataga ndani yake. Nikasema kiko Voi, kimetunzwa.

Baba, kadi hii nampa dereva wa basi ikuwahi. Yule mtu wa vyuma chakavu akija Jumatano, mwambie umeghairi kumuuzia kigari. Kuku mhamishe taratibu na mayai yake. Ijumaa nakuja na Fundi. Anaomba afungue mlango mara moja tu.

Mungu akupe afya, Baba yangu. Nimemwambia afungue ule wa upande wa Mama.

Mwanao,
Mghoi