Jiwe la Liwa Linarudi Mikindani

Palma, Jumapili jioni

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, maana maneno ya leo ni mazito na sitaki yatangulie salamu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea, umeipaka mwenyewe au umewagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku tunapumua. Mdogo anaota meno, usiku kucha ananitafuna, na mchana nasinzia kazini nimesimama kama punda. Maua amerefuka, magauni uliyomshonea sasa anayavaa kama blauzi. Baba Maua mzima, anakuamkia sana.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya kaka Hamisi inasikilizwa na ukumbi mzima, na haya siyo ya ukumbi mzima. Kila tukiongea unaniuliza jiwe la liwa litakuja lini, nami kila mara nasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama. Mimi ndiye niliyekata. Niliona haya, na hata sasa kalamu inanielemea, lakini Rehema anakaribia kuwekwa ndani, na mwali hangojeshwi kwa ajili ya haya za dada yake.

Najua lile jiwe ni nini. Bibi alivuka nalo Ruvuma alipokwenda kuolewa huko Mikindani. Wewe ulipokuwa mwali ulisingwa mwili kwa liwa iliyosagwa juu yake, nami vilevile, na nilipokuja kuolewa huku Msumbiji alikotoka Bibi ukanifungia kwenye kanga, ukaniambia, "Mkubwa analitunza, mdogo analingoja." Nilikuitikia. Sasa soma nilivyolitunza.

Unakumbuka nilipopata kazi pale hoteli ya makuti, nje kidogo ya mji. Wakati ule wageni walikuwa watalii kweli. Wanakuja kiangazi, mke na mume na watoto, Wareno, Waitaliano, wengine kutoka Afrika Kusini. Wengine walipitia kwetu wakielekea kisiwani Vamizi. Mchana baba Maua anawapeleka kwa boti ya mashine kwenye matumbawe wakatazame samaki, wakirudi wake zao na watoto wananikuta mkekani kando ya jiko, nawapaka liwa, ambayo huku wanaiita msiro. Wanacheka, wanajitazama kwenye kioo, wananiuliza jina la mti na nani alinifundisha. Ilikuwa kazi ya heshima. Wanawake na watoto, mkekani, basi.

Hoteli walikuwa wametengeneza kibao cha saruji cha kusagia. Siku moja liwa ya kile kibao ikamkwaruza mtoto wa mgeni shavuni mpaka akalia. Nikaona vibaya, nikasema kesho naleta jiwe letu. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa siku hiyo hata wewe ungeniambia nimefanya vizuri. Kulikuwa na bibi mmoja Mreno, mwalimu aliyestaafu. Aliliona jiwe, akapitisha kidole ndani ya lile shimo lililochimbika kwa kusaga, akaniuliza mikono mingapi ilipita hapo. Nikamtajia: ya bibi yangu, ya mama yangu, yangu. Akatikisa kichwa kwa adabu, hakutaka hata kulipiga picha. Nikawa nalileta kila siku kwa majivuno.

Halafu zikaja zile meli za kutafuta gesi. Redio ikasema imepatikana, ikasema tena imepatikana nyingine, na mji mzima ukafurahi, na mimi nikiwemo. Nilikupigia simu nikakwambia sasa tumeokoka, unakumbuka? Ukamwambia jirani yako, naye mpaka leo anakutania kwamba mwanao anakaa juu ya gesi na hatumi hata kibiriti.

Hoteli ilijaa, Mama. Kampuni zilichukua vyumba vyote kwa miezi, kwa ajili ya watu wao. Mtalii akipiga simu anaambiwa hakuna nafasi. Kuna familia moja yenye mapacha, walikuwa wakija kila mwaka, wanalala chumba kilekile cha ukingoni. Walikuja bila kupiga simu, wakakuta mlangoni mwao kumepangwa mabuti ya kazi yenye matope. Wakalala kwenye magodoro ofisini, asubuhi wakaondoka, wale mapacha wanalia wanataka kwenda kwa baba Maua kuona kasa. Hawakurudi tena. Mwaka uliofuata watalii wakawa wa kuokoteza, wanaokwenda Vamizi wanapita na ndege juu yetu, hawateremki. Wengine walisikia huku sasa ni malori na vumbi. Baadaye hata baadhi ya wafanyakazi wa gesi walipoondoka na vyumba vikabaki wazi, watalii hawakuja kuvijaza.

Ile boti sasa inabeba maji ya chupa na vyuma, na nahodha wameleta mwenye karata, yaani leseni, kutoka kusini. Baba Maua anaijua kila pembe ya matumbawe lakini karata hana. Amerudi kulima muhogo na mama yake. Halalamiki. Ila jioni anakwenda pwani, anasimama mbali, anaitazama ile boti ikifungwa vibaya. Kwa hiyo chungu cha nyumba kimebaki kwangu, na ndiyo maana nilipoambiwa jambo nikawa naitikia tu.

Gerente, yaani msimamizi wetu, mtu wa Maputo, alikuja siku moja akasema mkeka uhamishiwe baa. Akasema liwa iko kwenye picha za hoteli, wageni wanaiulizia, na hao waliopo jioni hawana la kufanya. Nilimwambia huku mwanamke hampaki liwa mwanamume asiye wake. Akaniambia ni mchezo tu, Dona Zuhura, ni utamaduni wenu, wanaupenda. Nikafikiria muhogo, nikafikiria uji wa mdogo. Nikahama na mkeka, na jiwe.

Wa kwanza alikuwa mtu mzima, mwekundu kwa jua, akakaa akafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Huyo simlaumu, alikuwa mpweke. Nikampaka upesi upesi, macho nimeyageuzia ukutani, nikasema moyoni yamekwisha. Kesho yake wakaja wenzake. Mmoja anataka masharubu, mwingine anataka upara wake upakwe wote ung'ae. Wakawa wanangojeana zamu kama kwa kinyozi, chupa mkononi, wanapigana picha. Nikazoea, Mama. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Macho sikuyageuza tena.

Ikafika jioni moja. Kijana mmoja nimemaliza kumpaka, akachovya kidole chake kwenye jiwe, kwenye lile shimo la Bibi, akanichora shavuni, toka chini ya jicho mpaka pembeni mwa mdomo. Wenzake wakashangilia. Nami nikacheka. Usiseme nilishikwa na woga, sikushikwa. Nilicheka kile kicheko tunachowachekea pale, chembamba, cha kupanda juu. Uso umeumbwa na haya, ulitufundisha. Wangu siku ile ulichorwa ukacheka.

Nilipoingia jikoni kunawa, Mama Atija akaniona. Huyu ni mpishi wetu, mtu mzima kutoka Mbau, ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Hakuinua hata macho kutoka kwenye samaki.

"We Zuhura," akasema, "mke wa mtu hupakwa na somo wake aliyemfunda, au na mumewe. Yule aliyekuchora kule baa ni yupi, nimwandalie chakula cha ukweni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikafungua bomba nikasugua shavu mpaka likawaka. Nikaenda nyumbani. Baba Maua alinitazama lile shavu lilivyo jekundu, akaniuliza jua lilikuwa kali? Nikasema ndiyo, kali.

Pengine ningeendelea hivyo. Mtu anayetafuta uji wa mtoto anaweza kuendelea na mengi. Lakini jioni mama mkwe wangu huniletea mdogo nimnyonyeshe, na Maua hufuatana naye, anakaa pembeni anatazama. Nilidhani anatazama bahari.

Siku ya mapumziko nilikuwa natwanga nyuma ya nyumba, nikasikia watoto wanacheza uani. Nikachungulia. Maua ametandika mkeka, amekoroga majivu kwenye kifuu, amewapanga watoto wa jirani anawapaka. Kuna katoto kameketi juu ya ndoo, kameshika chupa ya maji, ndiye mgeni. Kale katoto kakachovya kidole, kakamchora Maua shavuni. Na Maua akacheka. Mama, akacheka kicheko changu. Kilekile, chembamba, cha kupanda juu, na kichwa anakiinamisha upande kama ninavyokiinamisha.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha kucheka hivyo?"

Akanishangaa. "Wewe, Mama. Si ndivyo unavyowachekea?"

Nilirudi kwenye kinu nikakaa chini. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alichukua mchi akatwanga mwenyewe, na hilo lilinitia fedheha kuliko angenitukana.

Asubuhi nikamfuata gerente kabla sijafunga hata aproni. Nikamwambia mkeka unaisha leo. Akaniambia wageni watasikitika. Nikamjibu, "Wageni waliondoka zamani, senhor. Nilikuwa nawapaka wao na watoto wao. Hawa ni watu wa kazi wenzangu, na mimi sipaki wanaume." Alikunakuna kidevu, akasema basi kuna nafasi ya dobi, imekaa wazi kwa sababu hakuna aitakaye. Nikaichukua. Sasa nafua ovaroli zao, nzito kama gunia lililolowa, mafuta yake hayatoki na sabuni inanichana vidole. Ndiyo maana mwandiko wangu leo ni mbaya. Ujira umepungua, usinikasirikie nikituma kidogo. Mama Atija siku hizi ananibakizia ukoko wa wali. Maneno yake yaleyale, lakini ukoko anabakiza.

Baba Maua nilimweleza yote usiku huohuo. Aliinuka akasimama mlangoni, nikadhani ataondoka. Akasema, "Tungekuwa na watalii, usingefika huko." Nikamwambia hapana, usiwatupie watalii. Wao walikuwa wachache na gesi ikawafukuza, ni kweli, lakini mkeka niliukunja na kuukunjua mimi. Kesho yake alilichukua jiwe akalipeleka pwani, akalisugua kwa mchanga na maji ya chumvi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sikumtuma.

Sasa jiwe ninalituma. Analileta Bi Salma, yule mama wa vitenge anayevuka kila mwezi, ndiye pia aliyebeba barua hii. Lakini nina sharti, Mama, na kwa hili usinibembeleze. Kabla hujampa somo wa Rehema, mweleze lilikopita. Na Rehema mwenyewe mweleze, ukimkalisha chini, siyo kwa mafumbo. Najua utasema mambo yaliyosuguliwa kwa mchanga yamekwisha, kwa nini tujivunjie stara. Hapana. Mwali asisingwe kwa kitu asichokijua. Akisema hakitaki, mtafutie jiwe jingine na mimi sitanuna, na sherehe nitaitikia vigelegele kutoka huku. Akilitaka, basi nitashukuru, ila aamue yeye. Na kama utaona vibaya kunitaja mbele ya watu, unitaje kwa wao wawili tu.

Wala usinijibu upesi kwamba umenisamehe. Kaa nalo kidogo kama nilivyokaa nalo.

Mwamkie kaka Hamisi, mkubwa wetu, mwambie simu yake nzuri lakini ina masikio mengi. Msalimie shangazi Mwanaidi aliyenilea nilipougua surua, na mjomba fundi cherehani, mwambie lile shati la baba Maua bado linavaliwa Ijumaa. Bi Hadija, somo wa mwali, mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Rehema nambusu kila kidole.

Jambo moja la mwisho. Leo asubuhi kabla ya kulifunga jiwe nilikaa uani na kijiti cha liwa, nikasaga kwa mara ya mwisho. Nikamwita Maua nikampaka uso wote, taratibu, kama ulivyonipaka. Akakaa akinitazama mikono. Mwisho akachovya kidole, akaniuliza, "Na wewe?" Nikampa shavu lile. Hakucheka, wala mimi.

Kwa hiyo ukifungua kanga utakuta weupe umekaukia ndani ya shimo. Huo ni wa Maua. Usiuoshe.

Ni mimi binti yako mkubwa, bado wako,

Zuhura